Aoko Chini ya Mwavuli

Katika ploti moja ya Migosi, mjini Kisumu, kulikuwa na milango minane, mfereji mmoja wa maji, na watoto wachanga wawili.

Mtoto wa mlango wa tatu aliitwa Aoko. Alikuwa binti wa Seline na Owiti, fundi wa friji. Seline alishikwa na uchungu akiwa njiani kwenda zahanati, na mtoto hakutaka kusubiri kitanda. Alizaliwa kwenye baraza la zahanati, hatua tano kutoka mlangoni, muuguzi akimpokea na mlinzi akiwa amegeuza uso. Waluo humwita Aoko mtoto wa kike aliyezaliwa nje. Kwa hiyo jina lilijileta lenyewe.

Mtoto wa mlango wa nne aliitwa Mburu. Alizaliwa siku mbili baadaye, kitandani, bila haraka. Mama yake, Mwihaki, na baba yake, Waweru, walitoka Ol Kalou kwenye baridi kali, wakaja Kisumu kuuza mitumba soko la Kibuye. Mwihaki alikuwa mwanamke wa kucheka. Alicheka akifua, alicheka akianika, na mtoto alipomtapikia begani alicheka kwanza ndipo akatafuta kitambaa.

Mama hawa wawili walipaswa kuwa marafiki. Walikosa usingizi saa zilezile. Walianika nepi kwenye kamba moja, na mara nyingi nepi zikachanganyika. Lakini urafiki ulikuwa mgumu kwa sababu Seline alikuwa akikimbia.

Mwihaki alipotoka na kigoda chake ili amnyonyeshe Mburu barazani, Seline aliingia ndani. Mwihaki alipoingia kusalimia, Seline alijifunika leso na kugeukia ukuta. Siku moja alikimbia akaacha dengu jikoni, na ploti nzima ikala harufu ya dengu zilizoungua.

"Baba Mburu," Mwihaki alimuuliza mumewe, "mimi ninanuka?"

Waweru alimnusa vizuri. "Unanuka maziwa," alisema. "Lakini na yeye si ananuka maziwa?"

Sababu haikuwa harufu. Sababu ilikuwa jicho.

Kwao Seline, watu husema kuna mtu ambaye akimtazama mwenzake akila, chakula hukataa kukaa tumboni. Tumbo huvimba na kuuma. Jambo hilo huliita sihoho. Mwenye jicho hilo hana alama usoni. Anaweza kuwa mtu mwema mwenye salamu nzuri, na mwenyewe asijue. Basi mama mwenye mtoto mchanga huwaogopa watu wote kwa pamoja, ili asikosee.

Mama Owiti, yaani mama mkwe wake Seline, alifika kutoka Katito siku ya tatu baada ya uzazi. Alileta kuku wawili na unga wa mtama. Alikaa siku nne. Alipika uji, alimpenda mjukuu wake kupita kiasi, na alipoondoka aliacha amri.

"Mtoto asionekane akinyonya," alisema. "Mtu akiingia, mtoe kwa titi. Akiondoka, mrudishe. Hiyo si kazi ngumu."

"Na wakija watu wengi, Mama?"

"Basi mtoe mara nyingi."

Seline aliitii amri hiyo kwa moyo wote. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na Aoko alikuwa mtoto wake wa kwanza. Angeambiwa asimame kwa mguu mmoja ili mtoto awe salama, angesimama.

Shida ni kwamba mlango wake ulitazamana na mfereji, na pazia lake lilikuwa jepesi. Asubuhi moja, saa nne, alimweka Aoko kwenye titi. Aoko alishika, akameza mara tano.

"Hodi."

Alikuwa mtu wa kusoma mita ya stima. Seline alimtoa mtoto. Aoko akalia. Mtu wa mita aliondoka, Aoko akarudi, akameza mara nne.

"Hodi. Mandazi."

Mtoto akatoka. Mtoto akarudi.

"Hodi. Hapa ndipo kwa Mwalimu Griffins?"

Hapakuwa kwa Mwalimu Griffins. Mtoto akatoka, mtoto akarudi. Kisha Mwihaki akaja kuomba chumvi. Kisha wakaja kina mama saba wa kanisani kumwona mtoto, wakileta sabuni, sukari, na ndizi mbivu. Waliimba nyimbo mbili. Mmoja wao aliomba sala nzuri sana iliyoanzia Misri, ikazunguka jangwani, na kuvuka Yordani. Aoko naye aliivuka Yordani, lakini aliivuka na njaa.

Wageni walipokwenda ilikuwa saa saba. Aoko alikuwa amelala kwa uchovu wa kulia.

Tangu siku hiyo Seline aliongeza ulinzi. Alikisogeza kiti kwenye pembe, kati ya kabati na ukuta. Akachukua mwavuli mkubwa mweusi wa Owiti, akaufungua ndani ya nyumba, akakaa chini yake na mtoto, na juu ya mtoto akaweka leso. Chini ya leso kulikuwa na joto kama la jiko la kuokea mkate. Aoko alinyonya kidogo, akatoka jasho, akasinzia.

Owiti alirudi kutoka kazini akaukuta mwavuli.

"Seline, nyumba inavuja?"

"Haivuji."

"Sasa mwavuli ni wa nini?"

"Ni wa jicho."

Owiti alifikiri. Alikuwa fundi wa friji, na alipenda matatizo yenye waya. Hili halikuwa na waya. Akaenda kuoga.

Siku zilipita. Aoko alilia zaidi, kisha akaanza kulala zaidi. Mashavu yake hayakujaa. Seline alipiga simu Katito, na Mama Owiti akamwambia ampe maji ya sukari kwa kijiko, maana Kisumu ni joto na mtoto ana kiu. Seline akampa. Aoko alinyamaza, na baada ya maji hakutaka titi.

Siku ya kumi na nne Mama Owiti alipiga simu yeye mwenyewe.

"Amenenepa?"

"Bado, Mama."

"Basi ameshaonwa. Kuna mtu hapo kwenu amemwona. Jumamosi nakuja kumchukua. Kuna mama huku Katito anajua kazi hiyo. Atamchanja tumbo kidogo tu kwa wembe, auvute ule uchafu, na mtoto atakaa sawa. Hata Owiti alichanjwa."

Seline aliyajua yale makovu ya Owiti. Yalikuwa matatu, karibu na kitovu. Lakini Owiti sasa alikuwa mwanaume wa kubeba friji mgongoni. Tumbo la Aoko lilikuwa dogo kama kiganja cha mkono wake. Seline alilitazama tumbo hilo, akawaza wembe, akalifunika kwa mkono.

Kumkatalia mama mkwe hakujua. Kukubali hakuweza. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Baba wa mbinguni," alisema, "nionyeshe ninachokosea. Nionyeshe kabla ya Jumamosi."

Jumatatu asubuhi alifika Dishon.

Dishon alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Alikuwa mzee mwenye mvi, mwenye mkoba mgongoni, na ndani ya mkoba alikuwa na mizani. Alizunguka nyumba hadi nyumba katika Migosi, na alijua kila mjamzito, kila mtoto mchanga, na kila mbwa mkali.

"Nasikia ploti hii imepata watu wapya wawili ambao hawajalipa kodi," alisema. "Waleteni niwaone."

Mwihaki alimtoa Mburu kwanza. Dishon alimtazama, na hakumwona. Aliona kofia ya sufu, na chini yake kofia nyingine. Aliona sweta tatu, soksi ndefu, glavu, na blanketi lenye picha ya simba. Ndani kabisa, kama punje ndani ya ganda, kulikuwa na pua nyekundu.

"Mama," Dishon alisema, "nimekuja kumpima mtoto, si duka."

"Mama yangu ndiye anafuma," Mwihaki alijibu. "Ananipigia simu ya video kila asubuhi kuhakikisha amevaa. Kwetu mtoto akiachwa hivi hivi, baridi inamuua."

"Kwenu ni Ol Kalou. Hapa umesimama wapi?"

Mwihaki aliangalia chini kama mtu anayetafuta jibu kwenye simenti. "Kisumu," alikubali.

"Mvalishe nguo moja zaidi ya unazovaa wewe. Wewe umevaa blauzi moja. Yeye avae shati na shuka jepesi. Mguse kifua na shingo ya nyuma. Ukikuta jasho, punguza."

Wakamvua. Nguo zilijaa beseni. Shingoni Mburu alikuwa na vipele vya joto, lakini chini ya vipele alikuwa mtoto mnono. Mizani ilimsifu. Mlangoni kwake, Seline alicheka nusura adondoke. Ilikuwa raha kuona kosa la mtu mwingine likiwa wazi hivyo.

"Sasa wewe, Mama Aoko," Dishon alisema. "Mlete tucheke na wako."

Aoko alipowekwa kwenye mizani hakuna aliyecheka. Dishon alisoma, akangoja mshale wa mizani utulie, akasoma tena. Kisha akafungua kijitabu cha kliniki.

"Alizaliwa na kilo tatu na gramu mia moja," alisema taratibu. "Leo ana siku kumi na tano. Ana kilo mbili na gramu mia nane. Mtoto hupungua kidogo siku za kwanza, hilo ni jambo la kawaida. Lakini akifika wiki mbili anatakiwa awe amerudisha uzito wake. Huyu hajarudisha. Ananyonya vipi?"

"Vizuri," Seline alisema.

"Mimi sijui," Mwihaki alidakia. "Wiki mbili tunakaa hapa, sijawahi kumwona akinyonya. Huyu dada akiniona tu, mtoto anafungiwa kama siri ya serikali."

Dishon alimgeukia Seline na kungoja. Hakuharakisha. Seline alitazama vidole vyake vya miguu, kisha maneno yakatoka yote kwa pamoja: jicho, amri ya Mama Owiti, hodi, mwavuli, maji ya sukari, Katito, na wembe wa Jumamosi.

Mwihaki aliacha kucheka. Hilo halikuwa jambo la kawaida, na hata Mburu alimtazama.

"Kwa hiyo jicho ni mimi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Si wewe peke yako," Seline alisema. "Ni kila mtu. Hata mtu wa mita."

"Nilidhani ninanuka," Mwihaki alisema. Akamchukua mtoto wake na beseni la nguo, akaingia kwake na kufunga mlango.

Seline aliona aibu. Dishon aliketi kwenye kiti.

"Mama Aoko, mimi sikuja kubishana juu ya macho ya watu," alisema. "Nimekuja na mizani. Mizani inasema mtoto hapati maziwa ya kutosha. Hebu tuhesabu. Akinyonya, anakaa kwenye titi muda gani kabla hujamtoa?"

Seline alihesabu. "Dakika mbili. Siku nzuri, tatu."

"Na katikati anapewa maji ya sukari. Tumbo linajaa maji, njaa inadanganyika, maziwa yanaachwa. Na titi lisiponyonywa, linapunguza kutengeneza maziwa. Wewe unaomba Mungu amlinde?"

"Kila siku."

"Basi mwache amlinde huku ananyonya. Vaa viatu. Mtoto ambaye hajarudisha uzito lazima aangaliwe kliniki leo, si kesho. Inawezekana ni kunyonya tu, na inawezekana kuna ugonjwa. Mimi siwezi kujua kwa kumtazama."

Kliniki, muuguzi aliyeitwa Sista Debra alimkagua Aoko kuanzia utosi hadi nyayo. Alimpima joto. Alihesabu pumzi zake. Alitazama macho na ngozi kama vina umanjano. Aliuliza anakojoa mara ngapi kwa siku.

"Labda mara tatu," Seline alisema.

"Ni chache. Tunataka nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku. Lakini sioni ugonjwa. Sasa mnyonyeshe nikiona."

Seline alitafuta pembe. Chumba hakikuwa na pembe iliyobaki. Kulikuwa na kina mama kumi na mmoja, na wote wananyonyesha, na wote wanaongea. Hakuna aliyemtazama. Kila mmoja alikuwa na kichwa kidogo chake mwenyewe cha kutazama.

Alimweka Aoko. Sista Debra alimsogeza hadi tumbo la mtoto likagusana na la mama. "Ngoja afungue mdomo wazi kabisa. Sasa mlete kwako haraka. Asishike chuchu tupu. Ashike na ile sehemu nyeusi, kidevu kiguse titi. Unaumia?"

"Hapana."

"Basi ameshika vizuri. Sasa usimtoe wewe. Ataachia mwenyewe."

Aoko alimeza. Akapumzika, akameza tena. Mtoto mmoja alipiga kelele, mlango ukabamizwa, mtu akabisha hodi, na mkono wa Seline ukaruka wenyewe kumtoa. Sista Debra aliushika mkono huo na kuurudisha mahali pake.

"Maziwa ya mwanzo yanakata kiu," alisema. "Ndiyo maana hata Kisumu hahitaji maji. Akiendelea, yanakuja mazito yenye mafuta. Hayo ndiyo yanayomnenepesha. Wewe umekuwa ukimwondoa mezani kabla nyama haijaletwa."

Baada ya dakika ishirini na tano Aoko aliachia mwenyewe. Mikono yake ililegea. Tone la maziwa lilimtoka kando ya mdomo, naye akalala kama mlevi. Seline alimtazama akaanza kulia, kisha akacheka kwa sababu hakujua kwamba mtoto wake alikuwa na sura hiyo.

"Mchana na usiku, mara nane hadi kumi na mbili," Sista Debra alisema. "Akimaliza titi moja mpe la pili. Maziwa yako peke yake, bila maji, bila sukari, bila uji, mpaka atimize miezi sita. Wewe kula vizuri na kunywa maji. Akiwa na joto kali, akihema haraka, akishtukashtuka, au akikataa kunyonya, usingoje mtu. Njoo hospitali saa hiyohiyo. Na wembe tumboni mwa mtoto, Mama, hapana. Wembe huingiza vidudu kwenye damu. Ijumaa nataka kumwona kwenye mizani."

Jumanne asubuhi Seline alichukua kigoda chake. Alisimama mlangoni nacho. Mfereji ulikuwa na watu wanne. Alisema sala fupi, akatoka, akagonga mlango wa nne.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama Aoko. Nimekuja kuketi na wewe. Nilikukosea."

Ndani kabati likafunguliwa, likafungwa. Kisha mlango ukafunguka na Mwihaki akatoka, amembeba Mburu mwenye shati moja tu. Usoni alikuwa amevaa miwani myeusi ya jua ya Waweru, mikubwa kama vioo vya pikipiki.

"Nimefunika macho," alisema. "Nyonyesha bila wasiwasi. Sioni hata mlango wangu."

Kisha akajigonga kwenye beseni, na kicheko chake kikarudi chote. Seline alicheka mpaka akashika ukuta. Wakaketi pamoja barazani na kunyonyesha. Mtu alipopita, mkono wa Seline uliruka, na Mwihaki aliuzaba kofi dogo. "Mwache mtoto amalize," alisema. Hivyo ndivyo walivyokaa Jumanne, na Jumatano pia.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Mama Owiti alifika. Hakuweza kungoja Jumamosi. Aliingia langoni na kikapu kichwani, akasimama. Mkwe wake alikuwa ameketi nje, peupe, jua likiwaka, mtoto yuko kwenye titi. Kando yake alikaa mwanamke asiyemjua mwenye miwani myeusi.

"Yawa, jamani," Mama Owiti alisema. "Huyu ni kipofu?"

"Shikamoo, Mama," Mwihaki alisema, akavua miwani. "Naona vizuri sana. Karibu."

Mama Owiti aliweka kikapu chini. Alikuwa hajawahi kusikia habari mbaya kama hiyo ikitolewa kwa adabu kama hiyo. "Seline. Ingiza mtoto ndani. Vaa. Gari la Katito linaondoka saa sita."

Seline hakuinuka. Aoko alikuwa bado anameza. "Mama," alisema, "ninakuheshimu. Lakini hajamaliza. Simtoi."

Hakuwahi kumwambia Mama Owiti neno kama hilo. Mfereji wote ulinyamaza. Na Dishon, ambaye alikuwa mlango wa saba akimpima mzee mmoja shinikizo la damu, alisikia huo ukimya akaja.

"Mama, habari ya Katito," alisema. "Kaa kidogo. Nina jambo la kukuonyesha. Nani ana unga?"

Mwihaki alileta pakiti ya unga ya kilo mbili. Dishon aliufunga kwa leso, akaketi kwenye kigoda, akaukumbatia kifuani.

"Huyu ndiye mtoto," alisema. "Tumbo kwa tumbo. Mdomo wazi. Kidevu hapa. Sasa ananyonya." Aliutikisa unga polepole. Mvi zake zilimpa heshima, lakini unga ulimnyang'anya. Watu wa mfereji walisahau ndoo zao. "Mtu anapita, namtoa. Mwingine anapita, namtoa. Jioni nimemtoa mara ishirini. Huyu amekula nini?"

"Huyo ni unga," Mama Owiti alisema.

"Na mjukuu wako angekuwa unga nisingemhurumia. Mama, wewe ulilea wangapi?"

"Sita."

"Uliwanyonyesha wapi?"

Mama Owiti aliutazama mfereji. "Shambani," alisema. "Nyumba ilikuwa peke yake. Mchana kutwa humwoni mtu."

"Basi wewe uliwaficha na wakashiba. Huku Migosi milango ni minane. Akificha, hashibi. Amri yako ilikuwa ya upendo, lakini haikujua mfereji uko wapi. Kesho tunampima. Jumatatu alikuwa na kilo mbili na gramu mia nane. Ngoja kesho tu. Akiwa hajaongeza, Sista Debra mwenyewe atampeleka kwa daktari. Lakini wembe haugusi mtoto."

Mama Owiti aliwatazama wote. Akamtazama Aoko, ambaye wakati huo aliachia titi mwenyewe, akalegea, na kucheua kwa sauti kubwa kuliko umri wake.

"Kesho," alisema. "Sasa mimi nifanye nini mpaka kesho? Nikae nitazame miwani?"

"Mama anayenyonyesha anahitaji mtu wa kupika na kufua," Dishon alisema. "Na tunahitaji mtu mwaminifu wa kuhesabu nepi. Sita zilizolowa kwa siku, mtoto anakunywa vya kutosha. Chini ya hapo, tuna shida."

Neno mwaminifu lilimwingia Mama Owiti. Alivua viatu, akachukua beseni. Alichukua pia mkaa, na kila nepi iliyolowa aliipigia mstari ukutani kando ya mlango. Hakuamini macho ya mtu mwingine. Nepi aliishika, akaipima kwa mkono, na kama ilikuwa na unyevu wa mashaka aliikataa.

Saa kumi alipaza sauti. "Ya tano."

Mwihaki akajibu kutoka kwake, "Mburu naye ya sita."

"Huyo ni mvulana. Wao wanamwaga ovyo," Mama Owiti alisema. Usiku ulipoingia mistari ilikuwa saba, na alimpigia mzee wake Katito kumpa habari hizo.

Ijumaa wote walikwenda kliniki: Seline, Aoko, Mwihaki, Mburu, na Mama Owiti mbele. Sista Debra alimweka Aoko kwenye mizani. Seline alifumba macho. Midomo yake ilikuwa ikisogea bila sauti.

"Kilo tatu kamili," Sista Debra alisema. "Gramu mia mbili kwa siku nne."

Seline alifumbua macho. Mama Owiti aliomba ipimwe tena. Ikapimwa tena. Ilikuwa kilo tatu.

"Hakuna aliyemchanja?" Mama Owiti aliuliza, kana kwamba yeye ndiye alikuwa amekataza jambo hilo.

"Hakuna."

"Vizuri," alisema. "Nisingekubali."

Jumapili kanisani, wakati wa ushuhuda, Mama Owiti alisimama bila kuitwa, akaenda mbele na kushika kipaza sauti.

"Bwana asifiwe."

"Asifiwe," kanisa lilijibu.

"Nimekuja kumshukuru Mungu kwa mikojo."

Kanisa halikujibu. Mchungaji aliinamia Biblia yake kama mtu aliyeona herufi ndogo sana.

"Jumatatu ilikuwa mara tatu," Mama Owiti aliendelea. "Alhamisi, saba. Ijumaa, saba. Jana, nane, na hili rinda mnaloliona nimelifua jana usiku kwa sababu hiyo ya nane. Mjukuu wangu alikuwa anakufa njaa na maziwa yapo. Nilimficha mimi. Niliogopa macho. Mungu ametumia mizani kunifundisha. Mama mwenye mtoto mchanga, usikimbizwe na hodi. Kaa hapo, mtoto ashibe."

"Amina," walisema kina mama, kwanza wale wa nyuma, kisha wote.

Kelele hiyo ilimwamsha Aoko. Alinung'unika, akageuza kichwa, akafungua mdomo wazi kama alivyotakiwa. Seline alikuwa benchi la tatu, kulia kwake Owiti, kushoto kwake Mwihaki. Mbele na nyuma walikuwa watu mia mbili, kila mmoja na macho mawili. Seline alimweka mtoto kwenye titi.

Mama Owiti alimwona kutoka kule mbele. Alishusha kipaza sauti, na Seline akangoja. Kisha Mama Owiti akanyoosha kidole hadi benchi la tatu.

"Yule pale," aliliambia kanisa. "Mtazameni anavyonyonya."

Kanisa lote likageuka kutazama. Aoko hakuwajali. Alinyonya mpaka alipomaliza.